Maneno Uliyoniomba Jana

Zulfa,

Sianzi kwa salamu. Nina hasira, na mtu mwenye hasira akianza na "natumaini hujambo" anadanganya. Umetoka sasa hivi kwenda Ngamiani kuwaaga shangazi zako, begi lako umeliacha wazi katikati ya sebule, na mimi nimekaa uani na karatasi juu ya sinia, kwa sababu nikikungoja urudi tuzungumze tutafanya kama jana. Mimi nitapaza sauti, maana ndiyo kazi niliyofundishwa, na wewe utapaza yako, maana kifua umerithi kwangu, na majirani watapata tamthilia ya bure.

Habari za kula, za kulala na za nani umwamini na nani usimwamini sitakuandikia. Una akili, tena una mdomo. Nataka tuzungumze kazi. Kesho unakwenda Dar es Salaam kuigiza, na si kuigiza tu, unakwenda kuniigiza mimi.

Nimelirudia hilo kichwani tangu uliponiambia na bado linanikaba. Sudi anatengeneza tamthilia ya maisha yangu. Sudi, dairekta aliyeniongoza katika filamu zangu zote, ambaye siku hizi anaitwa mkongwe na kupewa kiti cha mbele. Hakunipigia mimi. Alikupigia wewe, akakutumia skripti kwenye simu, akakujaribu kwa video, akakupa nafasi, na mimi nikaja kuambiwa tiketi imeshakatwa. Ukaniuliza huku unatafuna kama sitafurahi. Nifurahie nini? Mtu akitaka kumwigiza marehemu hupita kwanza kwa wafiwa. Mimi niko hai, namba yangu ya simu haijabadilika, na sikupigiwa hata hodi.

Hiyo skripti uliyonipa nimeisoma yote, na miwani nikaifuta mara mbili nikidhani sioni vizuri. Eti mimi ni msichana maskini ninayeuza vitumbua sokoni, anapita dairekta mwenye huruma, anaona macho yangu yana huzuni, ananiokota. Zulfa, mimi sijawahi kuuza kitumbua. Hata kukipika sijui, wewe ni shahidi, unavijua vyangu, nje mkaa na ndani uji. Sudi aliponikuta nilikuwa nimeshasimama jukwaani kabla yeye hajajua kamera inashikwa upande gani. Alinifuata mwenyewe, nyumbani kwa baba yangu, kwa sababu alikuwa na kamera ya kuazima na waigizaji wasiojua kulia.

Basi ngoja nikueleze nilivyoanza. Ukiwa unaniigiza, afadhali mmoja kati yenu ajue.

Kikundi chetu kilikuwa hapa hapa Mabawa. Tulifanya mazoezi nyuma ya shule, na kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Mhina, Mbondei wa Muheza, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku na mwenye ulimi mkali kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alikusimamisha upande mmoja wa uwanja wa mpira, yeye akaenda goli la pili, akakutaka umsemeshe. Ukipiga kelele anakurudisha mwanzo. Alitaka umsemeshe, si umwite. Nilikaa kwenye uwanja ule mpaka baba yangu akaanza kuuliza kama huko shuleni tunafundishwa kunadi samaki.

Tulizunguka mashamba ya mkonge na lori la kuazima. Lori lenyewe ndilo lililokuwa jukwaa, linashushwa ubavu, taa inawashwa kwa jenereta. Watazamaji wetu walikuwa watu ambao baba zao waliletwa kutoka mbali kukata mkonge wakabaki, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, wengi Wakristo, na walitupenda sisi mabinti wa Kiislamu wa mjini kama vile tumetoka Ulaya. Siku moja, shamba moja la Muheza, nilicheza mama aliyefiwa na mtoto. Mwalimu Mhina alitaka nimbembeleze yule mtoto kwa wimbo ingawa ameshakufa. Sikuwa na wimbo. Nyimbo za kubembeleza za kwetu zilikuwa nyepesi mno kwa jambo lile. Nikatunga njiani, nimekaa juu ya magunia, maneno mengine yana maana na mengine hayana.

Tulipomaliza akaja mama mmoja wa Kinyamwezi, uso umelowa, akanishika mkono akaniuliza nani alinifundisha wimbo wa kwao. Nikamwambia nimeutunga mwenyewe. Hakuamini. Alikasirika kabisa, akaniambia bibi yake alikuwa akiuimba na mimi namficha niliupata wapi. Kwenye lori tukirudi Mwalimu Mhina aliniambia, "Umeona? Hujachukua kitu cha mtu, na yule mama amerudi nyumbani na chake." Kwa Mwalimu Mhina hizo zilikuwa sifa kubwa, na sikulala vizuri kwa furaha.

Hiyo ndiyo kazi ninayoijua mimi. Kutoa kitu ambacho hakikuwepo, mtu akakiona chake. Kitu hicho katika skripti ya Sudi hakimo.

Halafu zikaja filamu za video. Unazijua, umekulia ndani yake. Nyumba ya kuazima, nguo zako mwenyewe, chakula cha mama ntilie, na skripti hakuna. Dairekta anakupa kisa kwa maneno mawili, anasema haya, na wewe ndiye unayetafuta la kusema mpaka atakaposema kata. Nilipenda, sitakudanganya. Mtu aliyelelewa na Mwalimu Mhina alikuwa tajiri wa maneno pale wakati wengine wanababaika. Ila walinipa kazi za aina mbili tu. Ukitoka Tanga, kwa wale wa Dar, lazima uwe mchawi au uwe fundi wa mahaba, hakuna kazi ya tatu. Nilipokuwa mwembamba nilipora waume za watu. Nilipokuzaa wewe nikanenepa, nikawa mama mkwe anayeweka vitu chini ya godoro. Ilifika mahali watoto wa shule wakinikuta sokoni wanakimbia. Niliona ni heshima.

Wewe ulikuwa bado unatambaa Sudi aliponiita nicheze somo.

Unajua somo ni nani, ingawa wewe hukupata wako. Ni yule mwanamke anayemweka ndani msichana aliyevunja ungo, akamfundisha utu uzima, na kumpa yale maneno ya swali na jibu ambayo wanawake hutambuana kwayo wao kwa wao maisha yao yote. Wangu alikuwa Bi Mwantumu wa Tongoni. Kwa mama yangu nililelewa, lakini kwa Bi Mwantumu ndiko nilikotengenezwa. Nilimwita somo mbele ya watu na akajibu, na nilikuwa naringa nikimwita.

Kisa cha ile filamu kilikuwa cha binti anayelazimishwa kuolewa, na mimi namfunda kabla ya harusi. Tulikuwa katika nyumba moja Chumbageni. Sudi alinikalisha kitandani na yule binti, akanyamazisha watu, akanipa kazi yangu kwa neno moja, nimfunde. Nikamfunda. Nikabuni, kama nilivyozoea. Nikamwambia amheshimu mume, awaheshimu wakwe, awe msafi, mambo ambayo hata redioni yanasemwa. Sudi akakata. Tukarudia, akakata tena. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa upole, na ule upole wake ndio ulioniponza, "Dada, unaigiza. Wewe mtu wa Tanga. Nipe kweli."

Nilichukia. Nilichukia kuambiwa sijui kazi mbele ya mabinti wa Dar waliokuwa wanapaka kucha zao rangi huku wakingoja zamu. Kiburi kikanipanda. Nikasema moyoni, mnataka kujua mwanamke wa huku anafundwa nini, basi sikilizeni. Nikafungua mdomo nikamwambia yule binti maneno ya Bi Mwantumu. Yote, swali na jibu lake, na wimbo unaofuata. Sikuigiza hata kidogo. Nilikuwa nimerudi Tongoni, nimepakwa liwa, nimejifunika kanga, naogopa kukosea.

Walipokata, nikawatazama. Mshika kamera alikuwa mwanamume. Mshika taa alikuwa mwanamume. Sudi alikuwa analia. Na mimi, Zulfa, nilifurahi. Nimejikasirikia kwa mengi, lakini kwa furaha ile zaidi.

Nilipewa tuzo kwa kipande kile. Watu walisimama kunipigia makofi katika ukumbi wenye viyoyozi, na mtu mmoja mwenye suti akasema nimeigiza kwa kiwango ambacho hakijapata kuonekana. Kwa yule mama mfiwa wa Muheza, niliyemtoa kichwani mwangu mwenyewe juu ya magunia, sikupewa hata kikombe cha plastiki. Nikapewa kwa siku ambayo sikufanya kazi. Na ndicho kipande ambacho Sudi anataka ukirudie, kwa sababu ndicho kilichomjengea jina.

Filamu ikafika Tanga. Ikaoneshwa kwenye mabanda ya video, na unajua ni nani wanaokaa kwenye mabanda ya video. Haukupita muda, vijana wa vijiweni, wauza mitumba, makuli wa bandarini, wote walikuwa nayo. Mwanamke anapita zake amejitanda, wanamtupia swali. Lile swali, lililokuwa linaulizwa ndani mlango umefungwa. Kisha wanangoja jibu huku wanacheka. Bi harusi mmoja alitupiwa na mashemeji zake siku ya harusi yake akakimbilia ndani na hina mikononi, hakutoka tena mpaka watu walipoondoka. Baba yako, Mungu amrehemu, Msambaa wa Lushoto, aliitazama ile filamu akasema nimecheza vizuri. Hakujua kitu, na hakukuwa na wa kumwambia.

Bi Mwantumu hakuja kunigombeza. Angekuja ningeshukuru. Alituma mtu aniambie nisimwite somo tena. Kwenye msiba wa bibi yako alikuja, akashika mikono ya wote waliokaa mkekani, wangu akauruka akashika wa jirani yangu. Nikiingia kwenye shughuli za wanawake ngoma inabadilishwa, wanapiga ile ya kila mtu, ile ambayo hata watoto wanaicheza, wanaipiga tu mpaka nichoke niage. Umewahi kuniuliza kwa nini sikai kwenye harusi. Ndiyo hiyo.

Na niliwachukia, nisikufiche. Bado nawachukia. Waliokuwa wananinunia mchana walikuwa wanaiazima kanda ile ile kwa jirani. Siku hizi washa redio asubuhi, utawasikia wanaojiita makungwi wanafunda nchi nzima, tangazo la sabuni katikati, wanacheka na mtangazaji wa kiume, na hakuna anayewanyamazia. Mimi nilipayuka mara moja nikafanywa mfano wa kuonyea mabinti.

Ila wewe ndiye uliyelipia. Ulipovunja ungo shangazi yako mkubwa alizunguka kukutafutia somo. Huyu mgongo unamuuma, yule anasafiri kwenda Pangani, mwingine kazi hiyo ameshaiacha. Wote walikuwa wanasema jina langu bila kulitaja. Nikakuambia sisi ni watu wa kisasa, mambo ya kizamani hatuyataki, nikakununulia baiskeli. Ukafurahi sana na baiskeli.

Sasa tuje kwenye jana. Ulikuja jikoni na simu yako ukanionesha mahali kwenye skripti. Kila mtu ameandikiwa la kusema, hata mlinzi wa geti. Pakifika pale, pameandikwa tu kwamba somo anamfunda mwali, na maneno atayatoa mwigizaji. Nilipopaona nilijua kwa nini Sudi amekutaka wewe, na hakuwataka wasichana wote wa Dar wenye majina. Ukaniambia filamu yenyewe haipatikani tena, kanda zimeoza, mtandaoni hakuna, na kwamba Sudi amesema "mama atakupa." Basi nikupe, uyashike kabla ya safari. Uliyaomba kama mtu anayeomba chumvi.

Ndipo nikapandwa. Nilikuita mjinga, na nikakuita kwa neno jingine ambalo nalirudisha. La mjinga silirudishi, kwa sababu hukuuliza kwanza kwa nini mama yako ana mashoga wachache hivi. Ulipaza sauti, nikapaza, ukasema naona wivu kwa vile wewe unaanza na mimi nimekwisha. Hilo nililisikia nikaliacha lipite. Kisha ukaweka simu mezani, ukashusha sauti, ukasema:

"Uliyasema kwa nchi nzima, mama. Mimi tu ndiye hukuniambia."

Ukaenda chumbani kwako. Nami niliyeishi kwa kutafuta la kujibu kamera ikiwa inanitazama, nilibaki na mwiko mkononi.

Leo asubuhi nilikuambia nakwenda sokoni. Sikwenda sokoni. Nilipanda bodaboda nikaenda Tongoni.

Nilimkuta Bi Mwantumu amenyoosha mguu wake unaovimba juu ya stuli, anatazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nikasema shikamoo. Nilitaka kuongeza neno somo, nikakumbuka nimekatazwa. Akaitika marahaba bila kugeuza macho, akaniambia nikae nisimzibe. Nikakaa mkekani. Tukatazama mwanamke wa Kituruki akilia kwa sauti ya mtu mwingine, na Bi Mwantumu akawa anatoa kasoro zake, huyu analia macho makavu, huyu anangoja mwenzake amalize ndipo ashtuke. Zote zilikuwa za haki. Nilitamani kumjibu na nikaogopa.

Ilipoisha nikamwambia sikuja kwa ajili yangu. Nina binti ambaye hakufundwa kwa sababu yangu, anaondoka kesho, na amesema neno. Nikamwambia neno ulilosema jana, kama ulivyolisema. Akachukua rimoti akazima televisheni.

"Yale uloyatoa tuliyaacha," akasema. "Ulidhani tutabaki nayo, na wanaume wanatutupia njiani? Tulikaa, wa huku na wa mjini, tukatafuta mengine. Wasichana wa sasa yale hata hawayajui."

Nikamuuliza, kama mtu asiye na akili, ni mengine yapi. Hapo ndipo aliponitazama.

"Hayo si yako."

Nimekuwa nikilinda kopo tupu, Zulfa. Miaka yote hii nimefunga mdomo, nimekataa kukuambia wewe, nimekataa wanahabari, nikijiona nalipa deni kwa kunyamaza, na kumbe ninachokificha kilishatupwa zamani. Na cha sasa wanacho wao. Shangazi zako unaowaaga muda huu wanacho. Mama muuza samaki wa kona anacho. Binti aliyeolewa juzi mtaa wa pili anacho, na nikimtupia swali la zamani ataniona nimekaa kijiweni na wanaume. Walikaa wakanivua utu uzima wangu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nikimsaidia huyu kupika, nikimsitiri yule, nikimwoshea mwingine maiti ya mama yake, wote walikuwa wanajua kwamba mimi si mwenzao tena.

Nilipaza sauti. Ndani ya nyumba yake, mbele ya mguu wake mgonjwa, nilipaza sauti. Nikamwambia wamenirudisha utotoni, na afadhali wangenipiga. Naye akapaza yake. Hakunipa hata chembe. Akasema wakati ule mabinti aliowafunda walikuwa wanamjia wakilia, wanamuuliza kama nao watasemwa barabarani, na yeye hakuwa na la kuwaambia, na mimi nilikuwa Dar napigiwa makofi. Akasema alikuwa akinitaja kwa watu kwamba katika wote, huyu ndiye atakayeshika kazi yangu nikifa. Hilo sikulijua. Nikaendelea kupaza sauti tu, mpaka tukachoka wote wawili na akaomba maji. Nikamletea.

Alipokunywa akaniambia atakupokea. Umri umekupita, lakini atakupokea, ukirudi kutoka huko, ukae ndani kwake kwa muda atakaoona yeye unatosha. Alisema binti hana kosa na alikuwa akuchukue zamani, ila hasira ilimzuia, na mguu huu unamwambia hana muda wa kuendelea nayo. Kisha akaweka sharti. Yale maneno usiyaseme kwenye kamera. Wala usiseme kwamba yamekufa kwa hiyo hayana mwenyewe. Akiyasikia kinywani mwako, usije, na hatauliza kwa nini.

Basi jambo lenyewe ni hilo. Sikuzuii kwenda. Ningekuwa mama wa kukuzuia ningeficha begi, si kukuandikia. Nenda ukafanye kazi. Umenikasirisha kuliko mtu yeyote mwaka huu, na bado nasema una kitu, nilikuona kwenye ile video ya majaribio, ulipoacha kusema na kuangalia pembeni tu. Mimi kwa umri wako nisingethubutu kuacha kusema.

Lakini siku ya kipande kile itafika. Sudi atakuja achuchumae mbele yako. Amezeeka, atashika kiti ndipo ashuke, ila atashuka. Atakuambia kwa upole kwamba unaigiza, umpe kweli, mama yako alimpa. Usimpe. Yale maneno hata kwangu huna haja nayo, mtafute mwanamume yeyote wa rika lake aliyewahi kukaa banda la video, atakutajia huku anacheka, na ndiyo maana hayafai. Tunga yako. Anza sasa hivi, njiani, usingoje ufike mbele ya taa. Tunga maneno ambayo mwanamke wa Tanga akiyasikia ataudhika akidhani umemwibia, kisha arudi nyumbani aulize wenzake, nao waseme hapana, hayo hatuyajui. Ukiyapata hayo utakuwa umefanya kazi, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema.

Anaweza kukuondoa. Hilo nalo nakuambia, nisikudanganye kama mtu wa redio. Nje ya seti kila siku yuko binti mwingine anayengoja mwenzake akatae kitu. Ukiondolewa utarudi bila kazi, bila jina, kwa ajili ya wanawake ambao baadhi yao hata hawajawahi kukusalimu vizuri. Mimi nisingeweza kwa umri wako. Niliposhawishiwa kwa upole kidogo tu nilimwaga. Sitakuwepo pale kukushika mkono, na pengine ni vizuri, maana ningemnasa Sudi kofi. Amua mwenyewe. Na mwambie vitumbua avitoe, mwambie mama amesema, au nitakuja kumpikia ale.

Ukirudi na kinywa chako safi nitakupeleka Tongoni mwenyewe. Nitatoa kanga na liwa na kila kitu ambacho mama hutoa, na mlango utafungwa mimi nikiwa nje. Utatoka humo unajua jambo ambalo kila mwanamke hapa mtaani analijua isipokuwa mimi. Nimejaribu mchana wote kujiambia kwamba nimelikubali hilo, na sijalikubali. Najijua. Nitakuzunguka. Nitakupikia vizuri, nitakuchokoza, nitajifanya naumwa, nitakuambia mimi ndiye niliyekuzaa na nina haki. Nitalia, Zulfa, na unajua ninavyojua kulia. Nikikuuliza wamekuambia nini, usiniambie.

Mama yako